Mwamba wa Paa Uliopandishwa Kimya

Watu wa Kituo cha Shiqiao walisema fundi Geng Shuanzhu huamka amekasirika ili asipoteze muda baadaye. Walikosea kidogo. Alilala amekasirika pia.

Alikuwa seremala wa kituo. Baba yake alikuwa seremala wa kituo, na babu yake vilevile, kwa kuwa daftari la serikali liliiandika familia ile chini ya "mafundi", na daftari halina tabia ya kubadili mawazo. Alizaliwa nyuma ya zizi, katika safu ya vyumba ambavyo ramani ya kituo iliviita "mengineyo". Hapo ndipo alipooa, ndipo alipomlea binti yake Lamei, na ndipo mwaka wa hamsini na nane wa maisha yake ulipomkuta akinoa patasi na kumlaani mtu fulani kwa sauti ya chini.

Kituo kilipangwa kwa heshima, na heshima ilianzia mbele. Kwanza ukuta wa kuzuia pepo wabaya, kisha lango lenye chumba cha ngoma juu yake, kisha ukumbi wa kupokelea barua na amri, kisha jumba la wageni, bawa la mashariki kwa wakubwa na la magharibi kwa wasio wakubwa sana. Nyuma ya jumba, jiko. Nyuma ya jiko, madhabahu ya mungu wa farasi, mwenye macho matatu na uvumba haba. Nyuma ya mungu, farasi. Nyuma ya farasi, wanaowalisha. Mtu angeweza kutembea kutoka langoni hadi ukuta wa mwisho na kuisoma dola nzima bila kufungua kitabu.

Ni barua tu ambazo hazikuujua mpangilio huo. Zilifika zikiwa mgongoni mwa farasi na kuondoka mgongoni mwa farasi mwingine, na kama farasi huyo hayupo, amri ya Mfalme hukaa mezani ikisubiri kama mahindi sokoni. Kwa hiyo Geng aliamini kwamba kituo ni zizi, na vilivyobaki ni mapambo. Hakuwahi kuambiwa aeleze imani yake. Aliieleza hata hivyo, kila siku, kwa yeyote aliyesimama karibu.

Zizi lenyewe alilijenga na baba yake akiwa kijana wa miaka ishirini na minane. Liliupa mgongo upepo wa kaskazini na kufungua mlango kwa jua la kusini. Paa lilikuwa chini, ili pumzi ya farasi arobaini na wawili irudi kuwapasha moto wenyewe. Sakafu iliinama kidogo, kiasi cha vidole vitatu kwa kila hatua, ili mkojo ushuke mferejini na kwato zibaki kavu. Nguzo na boriti zilikuwa za msonobari, hori za mkunazi, na hapakuwa na msumari hata mmoja. Kila mti uliingia mwenzake kwa ulimi na tundu. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa udongo wa kushindiliwa, mnene kuliko wa ofisi ya wilaya. Geng alisema hivyo ndivyo inavyopasa, maana ndani ya zizi kuna wanaofanya kazi.

Mwezi wa nane Bwana Pei alimwita.

Bwana Pei alikuwa msimamizi wa kituo. Cheo chake kilikuwa chini ya daraja la tisa, na chini ya daraja la tisa hapakuwa na daraja. Alishindwa mtihani wa serikali mara tano, akabaki na mwandiko mzuri sana na kitu cha kuandika hana.

"Mzee Geng! Kuna habari njema."

Geng alijikuna mgongo. Habari njema za Pei zilizoea kumpata mgongoni.

"Mheshimiwa Zhan anapita hapa mwezi wa kumi, akielekea mji mkuu. Daraja la tatu, mzee wangu! La tatu!"

"Basi ale vizuri."

"Jumba letu la wageni lina nafasi tatu." Nafasi ni upana kati ya nguzo na nguzo, na kwa nafasi hizo ndivyo serikali ilivyopima nyumba, na kwa nyumba ndivyo ilivyopima watu. "Kanuni inasema daraja la tatu anastahili nafasi tano."

"Analala kwenye zote tano?"

"Umesemaje?"

"Nauliza tu, bwana. Labda ni mnene."

Pei alijipepea ingawa hapakuwa na joto. "Mkoa umeshaidhinisha jumba la nafasi tano."

"Na mbao?"

"Mbao hawakuziidhinisha." Akanyoosha upepeo wake taratibu, kupita jiko, kupita madhabahu, hadi kule nyuma. "Lakini zizi lina misonobari ya ajabu. Mimi hujiuliza, farasi wanaihitaji misonobari ya nini?"

"Wanakaa chini yake."

"Watawekewa mikeka."

"Mikeka. Mwezi wa kumi."

"Mikeka minene, mzee. Mimi si mnyama."

Geng alimtazama kama anayepima ubao kabla ya kukubali kuuchukua. "La," alisema. "Wewe si mnyama. Mnyama angejua."

Jioni ile mkewe alipakua uji wa mtama na kabichi ya chumvi, na mkwewe Cui Laifu, mume wa Lamei, alikuja kula nao kama kawaida. Cui alikuwa saisi mkuu, yaani mkubwa wa watunza farasi. Alikuwa mtu wa mzaha, mwembamba, mwenye masikio makubwa ambayo farasi walipenda kuyatafuna. Kanuni ilimruhusu kupoteza farasi watatu kila majira ya baridi. Kuanzia wa nne, kila farasi aliyekufa alikuwa fimbo kumi juu ya mgongo wa saisi mkuu, sababu ikiandikwa "uzembe". Baridi haikuwamo kwenye orodha ya sababu.

"Kwa hiyo watalala nje," Cui alisema.

"Chini ya mikeka minene," Geng alisema.

"Ah, basi! Nilianza kuogopa." Akanywa uji. "Baba, wakifa kumi je? Nianze kunenepa mgongo mapema?"

"Usitanie mambo hayo mezani," mama Lamei alisema. "Baba Lamei, wewe kataa. Mwambie hutaki."

"Nikikataa ataleta mafundi wa mjini. Wale watazikata boriti kwa msumeno ndani ya nusu siku, na hapo zizi limekwenda. Nikibomoa mimi, sibomoi. Nafungua. Kila ulimi utatoka kwenye tundu lake ukiwa mzima."

"Ili iweje?"

"Ili urudi."

"Urudi lini, mzee wewe? Mheshimiwa akishakula?"

Geng aliikasirikia kabichi.

Alilifungua zizi kwa siku tisa. Kwenye ncha ya kila mti, mle ndani ya ulimi ambamo jicho halifiki baada ya kuunganishwa, aliandika kwa wino mahali pake: zizi, mashariki, safu ya pili, nguzo ya mbele. Zizi, magharibi, safu ya tano, boriti ya juu. Ni desturi ya maseremala wote, wala hakuwa na nia nyingine. Kisha akajenga jumba la nafasi tano, kando ya lile la zamani la nafasi tatu, bila kufupisha boriti hata moja, akiunga pale palipopungua na kuacha urefu uliozidi utokeze chini ya upenu, na kuuita pambo. Pei alilisifu pambo. Angeweza kujenga vibaya, na watu kadhaa walimshauri ajenge vibaya, lakini mikono yake haikujua njia. Hilo pia lilimkasirisha.

Farasi walifungwa uani chini ya mikeka. Kabla mwezi wa tisa haujaisha, umande uliganda asubuhi, na jike mmoja wa kijivu aliyeitwa Shangazi, kwa sababu aling'ata kila mtu kwa haki sawa, alikutwa amelala na hakuamka. Siku hiyohiyo ilikuwa siku ya kupandisha mwamba wa paa.

Kupandisha mwamba ni sherehe. Mti wa juu kabisa wa nyumba huvikwa kitambaa chekundu na kuvutwa kwa kamba, na fundi mkuu huukalia kule juu, akapigilia ulimi wa mwisho, akapaza sauti kutoa maneno mema: nyumba isimame, wakaao waneemeke, moto usiipate. Kisha huwarushia watu mikate ya mvuke kutoka kwenye kikapu. Maneno hayo si pambo. Kila mtu wa kaskazini anajua kwamba seremala aliyeudhiwa anaweza kuficha kitu ndani ya mwamba, kijisanamu, mfupa, karatasi yenye jina, na nyumba ikala watu wake polepole. Maneno mema ndiyo hati ya kwamba hakuficha. Kwa sababu hiyo mwenye nyumba aliye mchoyo kwa mkulima huwa mkarimu kwa seremala.

Pei alisimama chini amevaa kofia yake rasmi. Walikuwapo wapishi, matarishi, masaisi, na nusu ya kijiji iliyokuja kwa ajili ya mikate.

Geng alipanda. Akapigilia ulimi, mara tatu. Akakaa juu ya mwamba na kutazama nyuma ya kituo, ambako Cui na wenzake walikuwa wakimburuta Shangazi kwa kamba kumpitisha kwenye lango la samadi. Alitazama hadi mkia ulipopita. Kisha akachukua mkate mmoja kwenye kikapu, akaula wote bila haraka, akashuka.

Mlango wa jiko ulisikika ukigonga.

"Mzee Geng," Pei alisema. "Maneno."

"Nimeshasema."

"Hujasema hata moja!"

"Niliyasema miaka thelathini iliyopita, juu ya mbao hizihizi. Yalikuwa ya farasi. Kama Mheshimiwa anayataka, akawaombe."

"Panda tena! Panda, nakuamuru! Sema hata mawili!"

"Mwamba haupandishwi mara mbili, bwana. Hata wewe unajua."

Pei alijua. Rangi ilimtoka kuanzia kwenye kofia kushuka chini.

Mheshimiwa Zhan alifika mwezi wa kumi akiwa na kibali cha watu thelathini, akaja na tisini. Alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi, ambaye huenda angelala popote penye ukuta. Aliketishwa katikati ya nafasi tano, palipowekwa majiko manne ya makaa, na chakula cha mchana kikaanza kuingia: kondoo wa kuchemsha, bata, maandazi, supu tatu. Kule uani farasi walikuwa wamekwishapungua wanne.

Ikawa hivi. Mbao zile zilikunywa pumzi na mkojo wa farasi kwa miaka thelathini. Sasa majiko manne yalianza kuzikausha, na zikaanza kurudisha. Mheshimiwa alinusa supu. Akanusa mkono wa nguo yake. Akamtazama mwandishi wake kwa huzuni, na mwandishi akajitazama viatu. Ndipo boriti moja ya juu, iliyozoea unyevu maisha yake yote, ikapasuka kidogo kwa kukauka, mlio kama fataki ya mwaka mpya, na vumbi likashuka ndani ya bata.

"Ni nani aliyejenga nyumba hii?" Mheshimiwa aliuliza.

Mtumishi wake, ambaye alikuwa amepiga soga na wapishi tangu asubuhi, aliinama na kumnong'oneza sikioni. Alinong'ona kwa muda mrefu. Mheshimiwa aliweka vijiti chini, vimelingana vizuri, akasimama, akatoka, na hakurudi hata kuchukua mto wake. Alilala kwenye hekalu la kijiji, kwenye nafasi moja. Aliacha agizo moja tu: kilichofichwa kitafutwe.

Wakatafuta. Sheria kuhusu seremala anayeficha uganga ilikuwa kali, na askari watano wa wilaya walikuja na minyororo tayari. Walivua vigae vya paa, wakateremsha mwamba, wakaukagua, wakaugonga. Hakuna kitu.

"Umeficha wapi?" askari mkubwa aliuliza.

"Sijaficha," Geng alisema.

"Wote husema hivyo."

"Basi wote tunafanana. Endelea kutafuta."

"Kwenye kombamoyo?"

"Sijaficha kwenye kombamoyo."

Wakafungua makombamoyo, ile miti inayobeba vigae. Kadiri alivyosema kweli, ndivyo jumba lilivyoshuka. Siku ya kwanza alisimama pembeni. Siku ya pili hakuweza kuvumilia jinsi walivyoyumbisha mbao, akaanza kuwaelekeza. "Usivute! Gonga kwanza chini, mpumbavu wewe, halafu inua. Ndiyo. Hata mama yako angeweza." Siku ya tatu waliufikia ulimi wa kwanza wenye wino.

"Maandishi!" askari alipiga kelele. "Bwana Pei! Uganga huu hapa!"

Pei alikuja mbio, akainama, akasoma. Mwandiko ulikuwa mbaya lakini ulisomeka. Zizi, mashariki, safu ya pili, nguzo ya mbele. Akahamia mti wa pili. Zizi. Wa tatu. Zizi. Alisoma miti kumi na minne, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma matokeo ya mtihani kwa mara ya sita.

"Ni uganga gani, bwana?" askari aliuliza, maana yeye hakujua kusoma.

Pei aliwaza. Ripoti ingesema nini? Kwamba ndani ya kila kiungo cha jumba, juu ya kichwa cha mtu wa daraja la tatu, palikuwa pameandikwa zizi? Na kwamba lilikuwa zizi kweli? Na kwamba aliyelivunja ni yeye?

"Ni alama za useremala," alisema taratibu. "Hakuna kitu. Andikeni: hakikupatikana kitu."

Askari waliondoka na minyororo yao. Mbao zikabaki zimelala uani, na hapakuwa na mtu aliyetaka kuzigusa. Watu hawakubali kulala chini ya mwamba ulionyamaziwa, wala wapishi hawakutaka kuzichoma, wasije wakala chakula kilichoivishwa nazo.

"Tuzifanyeje?" Pei aliuliza, na kwa mara ya kwanza aliuliza kama mtu anayetaka jibu.

"Wapo ambao hawasikilizi umbea," Geng alisema. "Wamebaki thelathini na sita."

Kwa kuwa kila mti ulijua mahali pake, zizi lilisimama kwa siku kumi na mbili, theluji ikianguka juu ya mabega ya waliojenga. Mwamba ulipopanda, Geng aliukalia akasema maneno mema yote aliyojua, na akaongeza mengine. Watu walikuja hata wa kijiji cha pili. Cui hakuwapo.

Farasi sita walikuwa wamekufa. Watatu waliruhusiwa. Watatu waliobaki walikuwa fimbo thelathini, na zilitolewa siku mbili kabla ya sherehe, uani, mbele ya lile jumba la nafasi tano, ambalo kwa wakati huo lilikuwa shimo. Mkaguzi aliyesimamia hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kama kuna maelezo yoyote, na Pei, aliyesimama hatua nne kutoka kwake, alitazama mwandiko wake mwenyewe kwenye daftari. Ikaandikwa uzembe. Geng alihesabu fimbo moja moja. Mama Lamei alisema baadaye kwamba hajawahi kumwona amesimama kwa utulivu namna ile, na kwamba hapendi kumwona hivyo tena.

"Mbona umenuna, baba?" Cui alimuuliza akiwa amelala kifudifudi, huku Lamei akimpaka dawa. "Zizi limerudi. Mimi pia nitarudi, nipe mwezi."

"Nyamaza."

"Shangazi angewang'ata wote, unajua."

"Nimesema nyamaza, mwanangu," Geng alisema, na akatoka nje kunoa patasi ambayo ilikuwa tayari na makali.

Majira ya kuchipua barua ilikuja kutoka mkoani, mgongoni mwa farasi mzuri wa rangi ya hudhurungi aliyepitisha majira ya baridi akiwa chini ya safu ya pili, mashariki. Mkoa ulitaka kujua kwa nini kituo kilichoandikwa kuwa na jumba la nafasi tano kina shimo. Pei alimwita fundi. Safari hii hakusema kuna habari njema.

"Mzee Geng. Wanataka jumba."

"Wameleta mbao?"

"Hawakutaja mbao."

Geng alichungulia nje, kupita jiko na madhabahu. Kisha akatoa kipimo chake mshipini, akakiweka juu ya meza ya Pei, kati ya wino na karatasi nzuri.

"Nitajenga," alisema. "Mara ile sikuficha kitu, bwana, na uliona ilikuwaje. Safari hii nitaficha."

Pei alimtazama sana. Angeweza kumshtaki kwa maneno yale, lakini shtaka lingeanza na mwezi wa kumi, na mwezi wa kumi ulianza na zizi. Alivuta karatasi. Akaandika, kwa mwandiko wake mzuri, kwamba wataalamu wameuchunguza uwanja wa Kituo cha Shiqiao na kuona kuwa ardhi yake haibebi zaidi ya nafasi tatu.

"Nimeandika 'wataalamu'," alisema bila kuinua kichwa.

"Andika unachotaka. Na vigae vya jumba lile vimelala bure. Upande wa magharibi wa zizi unavuja."

"Chukua."

"Nimeshachukua," Geng alisema, akarudisha kipimo mshipini, akaenda zake akiwa na hasira ileile, kupitia ua ambao mkwewe alikuwa akiuvuka polepole, amebeba ndoo moja tu, kwa mkono wa kushoto.